Karte ndogo kwa kamera ya zamani: giga nyingi si dawa

Mashariki ya Congo, kamera ya zamani haitupwi. Inauzwa, inarithiwa, inatengenezwa, kisha inauzwa tena. Canon na Nikon zilizotoka kiwandani kati ya mwaka wa 2003 na 2010 bado zinapiga picha za ndoa, ubatizo, diploma na matanga, na sababu yake inaeleweka: lensi ingali nzima, bateri bado inapatikana, na mteja anataka picha ya karatasi ya kutia ukutani, si picha ya kupitisha kidole kwenye telefone. Mara nyingi kinachokufa kwanza si kamera yenyewe. Ni karte yake, kile kipande kidogo cha plastiki ambacho watu wengi hukiita karte memwari.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Mpiga picha anaenda sokoni, anaonyeshwa karte ya giga 64 kwa bei nzuri, anainunua kwa furaha, anaitia ndani ya kamera ya mwaka wa 2005, na kamera inaandika kwamba karte ina kosa. Anarudi kwa muuzaji. Muuzaji anaijaribu kwenye mashini yake, karte inasomwa vizuri. Wanagombana, kila mmoja akimdhani mwenzake kuwa mwongo. Kwa kweli hakuna aliyedanganya. Karte ni nzima na kamera ni nzima, ila zilizaliwa katika nyakati mbili tofauti na hazisikilizani. Historia ya karte hizi ndiyo inayoeleza ugomvi huo, na ndiyo inayoonyesha karte ipi inunuliwe.

Kwa familia zilizohama makwao, jambo hili si la wapiga picha peke yao. Mwaka wa 1994 na miaka iliyofuata, mashirika ya misaada yaliwapiga picha watoto waliopotezana na wazazi wao katika makambi ya wakimbizi ya Kivu, na picha hizo zikabandikwa kwenye mbao ili watu wapite wakitazama sura moja baada ya nyingine. Zilikuwa picha za karatasi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wa Goma, picha za familia zilikuwa bado kwenye albamu: aliyeweza aliibeba, asiyeweza aliiacha ikaungua. Lakini mwaka wa 2012 vita vilipoingia Goma, na mwaka wa 2021 volkano ilipolipuka tena, na mwanzoni mwa mwaka wa 2025 vita vilipofika tena Goma na kisha Bukavu, mambo yalikuwa yamegeuka. Picha nyingi zilikuwa kwenye telefone, na zile za miaka ya nyuma zilikuwa kwenye karte za kamera: sura ya baba aliyefariki, siku ya harusi, nyumba kabla haijachomwa, shamba pamoja na mipaka yake. Karte ya namna hiyo inafungwa katika ncha ya kitenge, fundo moja tu. Inabebeka kuliko albamu. Pia inaharibiwa na mkono usiojua kwa urahisi kuliko albamu.

Tofauti hiyo inafaa kutazamwa vizuri. Mwaka wa 1904, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha huko Baringa, kaskazini-magharibi ya Congo, zilizoonyesha Ulaya na Marekani ukatili wa biashara ya mpira chini ya mfalme Leopold wa Pili. Vioo vya picha zake, vile vilivyotumiwa kuangazia picha ukutani mbele ya watu wengi, vimehifadhiwa Uingereza hadi leo. Mtu akikiinua kioo kimoja kwenye mwanga wa dirisha, anaona picha kwa macho yake, hahitaji mashini wala umeme. Karte ya mwaka wa 2004, miaka mia moja baadaye, ikiinuliwa kwenye dirisha hilohilo inaonyesha plastiki tu. Ili isome inahitaji kifaa cha ukoo wake. Kifaa kikikosekana, picha ipo na haipo.

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka wa 1975 na Steven Sasson, injinia kijana wa kampuni ya Kodak nchini Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha moja, ya rangi nyeusi na nyeupe, ilichukua sekunde 23 kuandikwa, na iliandikwa kwenye kaseti, ndugu ya zile kaseti za muziki ambazo wazee wanazikumbuka. Tangu siku hiyo swali gumu halikuwa namna ya kushika mwanga. Lilikuwa: picha iwekwe wapi?

Jibu lilitoka Japani. Fujio Masuoka, injinia wa Toshiba, alieleza mwaka wa 1984 aina ya kumbukumbu ambayo inakumbuka hata umeme ukizimwa, na mwaka wa 1987 ikafuata aina iitwayo NAND, ile iliyomo ndani ya karte za kamera mpaka leo. Mwenzake Shoji Ariizumi ndiye aliyependekeza jina la flashi, kwa sababu namna data zinavyofutwa, kundi zima kwa mara moja, ilimkumbusha mwanga wa flashi ya kamera. Jina hilo lastahili kukumbukwa na kila mwenye karte. Kifaa hiki kiliitwa kwa jinsi kinavyofuta, si kwa jinsi kinavyotunza.

Ndani ya karte mna silikoni, na katika silikoni hiyo mna mabilioni ya vyumba vidogo sana, kila kimoja kimefungia chembe za umeme. Chumba chenye chembe na chumba kisicho nazo ndiyo alfabeti ya picha. Chembe hizo huvuja polepole sana, na joto huharakisha kuvuja kwake. Watengenezaji kwa kawaida huhesabu kama miaka 10 ya kutunza data bila kuguswa. Karte nyingi zitapita umri huo bila shida, nyingine hazitaufikia. Kwa kufupisha: karte ni kikapu cha kubebea picha kutoka kwenye kamera, haikuundwa kuwa kabati la ukoo.

Kuna neno husikika mara kwa mara kwamba karte za kumbukumbu zinatengenezwa kwa koltani ya Masisi. Si hivyo hasa. Koltani ya Rubaya na ya kwingineko hutoa tantali, na tantali hutumiwa katika kapasita, vile vipande vidogo vinavyotuliza umeme ndani ya kamera, telefone na ordinatere. Kwa hiyo udongo wa Kivu umo ndani ya kamera nyingi. Karte yenyewe kiini chake ni silikoni.

Sasa koo za karte. Mwaka wa 1994 kampuni ya SanDisk ya Marekani ilitoa CompactFlash, ambayo watu huiita CF. Ni karte kubwa, milimita 43 kwa 36, nene, na upande mmoja ina matundu 50 yanayopokea sindano 50 zilizomo ndani ya kamera. Mwaka uliofuata, 1995, Toshiba ilitoa SmartMedia: pana karibu kama CF lakini nyembamba mno, haifiki hata milimita moja, na uso wake una bamba la rangi ya dhahabu. Kwa macho, SmartMedia ilionekana ya kisasa zaidi. Kwa kweli ilikuwa na upungufu mkubwa uliofichika. CF ilikuwa na akili yake ndani, yaani chipu ndogo inayosimamia vyumba vya kumbukumbu na kuijibu kamera kwa lugha isiyobadilika. SmartMedia haikuwa na chipu hiyo. Kazi yote ya kusimamia iliachiwa kamera. Matokeo yake yakawa kwamba kila ilipotoka SmartMedia kubwa zaidi, kamera za nyuma yake hazikujua kuisimamia. Ukoo huo ulikomea mega 128 na ukafa. CF, pamoja na unene wake, iliishi: Canon EOS 300D ya mwaka wa 2003, Nikon D70 ya mwaka wa 2004, Canon 350D, 400D na 5D ya kwanza, zote ni za CF.

Sony ilifanya kama kawaida yake, ikajijengea nyumba yake peke yake: Memory Stick, mwaka wa 1998, ndefu kama kipande cha ubani wa kutafuna. Ya kwanza ilikomea mega 128. Mwaka wa 2003 ikaja Memory Stick PRO, kisha ile fupi iitwayo PRO Duo. Kamera nyingi ndogo za Sony za miaka hiyo hazipokei karte ya mtu mwingine. Ni mwaka wa 2010 tu ambapo Sony ilianza kutoa kamera zinazopokea SD pia. Olympus na Fujifilm nao, walipoona SmartMedia inakufa, hawakukubali kuhamia kwa jirani. Mwaka wa 2002, mwaka uleule wa lava ya Goma, walitoa karte ndogo sana iitwayo xD. Iliishia giga 2, haikupendwa na kampuni nyingine yoyote kubwa ya kamera, na baada ya miaka michache wenyewe waliiacha wakaingia SD.

SD ndiyo iliyoshinda. Ilitangazwa mwaka wa 1999 na Panasonic, SanDisk na Toshiba pamoja. Milimita 32 kwa 24, kona moja imekatwa, na ubavuni ina kifungo kidogo cha kufunga. Hapa ndipo ugomvi wa sokoni unapozaliwa, kwa sababu karte nne tofauti zinavaa umbo hilihili moja. Ile ya kwanza, SD ya kawaida, inafika giga 2. Mwaka wa 2006 ikaja SDHC, kuanzia juu ya giga 2 mpaka giga 32. Mwaka wa 2009 ikatangazwa SDXC, kuanzia juu ya giga 32. Mwaka wa 2018 ikaongezwa SDUC, ambayo hapa haina kazi. Zote zinaingia katika mlango uleule bila kulazimishwa. Zinatofautiana katika hesabu.

Mfano wa mtaa utasaidia. Kamera ya mwaka wa 2004 ilifundishwa kutafuta picha kwa kuhesabu chumba kimoja kimoja, kama karani anayehesabu kila mlango wa avenue. Daftari lake lina kurasa za kutosha milango ya giga 2, hazizidi. SDHC ilibadilisha hesabu: haihesabu milango tena, inahesabu parseli, kila parseli ina milango 512. Kwa njia hiyo daftari lilelile linaweza kubeba mji mkubwa. Lakini karani wa zamani hajui habari ya parseli. Akipewa nambari 1,000 anakwenda mlango wa 1,000, wakati karte ilimaanisha parseli ya 1,000. Kwa hiyo kamera ile, badala ya kuvuruga, inakataa kabisa.

Kwa sababu hiyo dawa ya sokoni, ile ya kusema «tuifomati kwenye ordinatere iwe ndogo», haiponyi kitu. Kufomati kunabadilisha namna mafaili yanavyopangwa. Hakubadilishi namna karte inavyohesabu, maana hiyo imeandikwa katika chipu yake kiwandani. Kuigawanya karte ya giga 16 vipande vya giga 2 hakusaidii pia. Kinyume chake kinawezekana: kamera ya SDHC inasoma SD ndogo ya zamani bila shida, kama vile mtoto aliyesoma anavyoelewa hesabu ya babu.

Basi anayekwenda kununua karte aanze na mlango wa kamera, asianze na meza ya muuzaji. Karibu na mlango, au chini ya kamera, mna alama. Ikiwa imeandikwa SD peke yake bila HC, na kamera ilitoka kabla ya mwaka wa 2006, atafute giga 2 au chini yake, hata mega 512. Ikiwa alama ni SDHC, achukue kati ya giga 4 na 32. SDXC ya giga 64 wakati mwingine hukubali katika kamera ya SDHC ikifomatiwa upya, lakini kuitegemea siku ya harusi ya watu ni kucheza na jina lake. Ikiwa mlango una sindano, ni CF; hapo uhuru ni mkubwa zaidi kwa sababu ya ile chipu ya ndani, ingawa baadhi ya kamera za mwanzo hazielewi mpangilio wa mafaili unaozidi giga 2. CF ya giga 2 au 4 inatosha. Diski ndogo zilizozunguka ndani ya umbo la CF, zile IBM ilizotoa mwaka wa 1999 kwa jina la Microdrive, ziachwe kwenye meza: zina mtambo unaozunguka ndani, zimezeeka, na barabara ya Sake si rafiki yao.

Wengi hushtuka kusikia giga 2. Wanaona ni ufukara. Lakini kamera ya megapikseli 6, kama zile mbili za mwaka wa 2003 na 2004 zilizotajwa, picha yake moja ya JPEG huwa karibu mega 3. Giga 2 ni zaidi ya picha 600. Harusi gani, kuanzia kunyoa mpaka keki, inahitaji zaidi ya hizo? Mpiga picha mwenye karte mbili za giga 2 yuko salama kuliko mwenye moja ya giga 32, maana moja ikifa katikati ya sherehe, picha za kanisani bado ziko mfukoni.

Njia ya mkato inayofaa ni microSD, ile karte ndogo ya telefone, iliyotiwa katika adapta ya umbo la SD. Adapta hiyo haina akili yoyote ndani; ni nyaya tu. Microsd ya giga 2 katika adapta ni SD ya giga 2, na kamera ya zamani inaipokea. Microsd ya giga 32 katika adapta ni giga 32 vilevile, nayo itakataliwa. Karte za giga 2 zilitumiwa sana katika telefone za vifungo, na nyingi bado zimelala katika madroo ya watengenezaji wa telefone. Ni mahali pazuri pa kuulizia kuliko duka lenye vioo. Kuna pia adapta zinazogeuza SD kuwa CF, lakini nyingine ni nene, haziingii kila mlango, na si kila kamera inazipenda. Afadhali zijaribiwe dukani kwa kamera yenyewe kabla ya kutoa pesa. Kwa PRO Duo ya Sony kuna adapta za microSD pia. Kwa xD, Olympus ilitoa adapta moja ya microSD iliyofanya kazi katika baadhi ya kamera zake tu. Mwenye Fujifilm inayopokea xD tu hana mlango mwingine: atafute xD iliyotumika, au auze kamera.

CF ina hatari yake ya pekee. Sindano zile 50 ziko ndani ya kamera, si ndani ya karte. Karte ikisukumwa kwa pembeni, au ikigeuzwa, sindano moja inapinda, na kamera nzima inakuwa jiwe. Kuinyoosha ni kazi ya mtu mwenye mkono wa kushona, tena sindano iliyonyooshwa mara mbili huvunjika. Yeyote mwenye kamera ya CF na karte moja nzuri angefanya vema kuiacha karte ndani ya kamera na kutoa picha kwa waya ya USB. Ni polepole, lakini sindano hazichoki.

Halafu kuna karte za uongo. Mwaka wa 2010 Andrew Huang, injinia Mmarekani ajulikanaye kwa jina la bunnie, alizifungua kwa kemikali karte za microSD zilizomtia shaka ili alinganishe kilicho ndani na kilichoandikwa nje. Biashara hiyo haikuanza leo wala haikuanzia Congo. Namna yake ni rahisi: karte yenye giga 4 za kweli hufundishwa kuiambia kamera kwamba ina giga 64. Kamera inaamini. Picha za kwanza zinaandikwa vizuri, mteja anafurahi, wiki zinapita. Siku giga 4 zinapojaa, karte haisemi neno. Inaendelea kupokea picha na kuzitupa, au inaandika juu ya zile za zamani. Majina ya mafaili yanaonekana yote. Yakifunguliwa, nusu ya picha ni ya kijivu. Ni wizi mbaya kuliko ule wa mfukoni, maana mwizi wa mfukoni hujulikana siku ileile.

Kuijaribu kunahitaji subira tu. Karte mpya ijazwe mpaka pomoni na mafaili yasiyo na thamani, video za muziki kwa mfano, kisha yote yanakiliwe kurudi kwenye ordinatere na kufunguliwa, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Mwenye Windows anaweza kutumia programu ya bure H2testw, mwenye Linux ana F3. Zote mbili huandika karte nzima na kuisoma tena, kisha hutaja giga za kweli. Kabla ya kufanya hivyo, karte isipewe ndoa ya mtu. Na bei ikiwa ndogo mno kwa giga nyingi mno, jibu limeshatolewa.

Yote haya ni ya karte mpya. Karte ya zamani yenye picha ni habari nyingine, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza kila kitu kwa dakika moja. Mara nyingi huwa hivi: mama amefika mjini na karte aliyoificha tangu kijijini. Anampelekea kijana mwenye ordinatere. Ordinatere, au telefone, inashindwa kuisoma, inauliza kama ifomati karte. Kijana, kwa nia njema, anabonyeza ndiyo. Jibu la swali hilo ni hapana, kila mara, hata kama mashini inauliza mara kumi. Huenda kifaa cha kusomea ni cha aina mbaya, au kina vumbi, au vibati vya karte vimeshika kutu. Karte ipanguswe kwa kitambaa kikavu na laini, ijaribiwe katika kifaa kingine, na ikiwezekana katika kamera ya ukoo wake. Kama ni SD, kile kifungo cha ubavuni kishushwe upande wa kufunga kabla haijaingia popote. Hakiifungi karte yenyewe kwa nguvu, kinaiomba mashini isiandike, na mashini nyingi hutii.

Hata kosa likishafanyika, haifai kukata tamaa upesi. Kufomati kwa haraka kwa kawaida hufuta orodha ya picha, hakufuti picha. Ni kama kuchana ukurasa wa kwanza wa daftari la avenue: nyumba bado zimesimama. Programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, hutembea nyumba kwa nyumba bila kuhitaji orodha na kutoa picha inazozikuta. Sharti ni mbili. Karte isipigiwe picha nyingine hata moja tangu kosa lilipotokea, na picha zinazookolewa zihifadhiwe mahali pengine, zisirudishwe kwenye karte ileile. Kijana anayedai pesa nyingi kwa kazi hiyo anauza muda wake na ufundi wake, hilo ni haki yake. Lakini programu haikumgharimu kitu, na mama mwenye karte anaweza kulijua hilo kabla ya kukubaliana bei.

Tarehe nayo ina neno. Tangu mwaka wa 1995 kuna utaratibu uliotoka Japani, unaoitwa Exif, ambao kamera hutumia kuandika ndani ya kila picha siku na saa ilipopigwa. Kwa anayetaka kuonyesha kwamba nyumba ilikuwa imesimama mwaka fulani, au kwamba shamba lilikuwa na miti yake, maandishi hayo yana faida. Lakini kamera ya zamani iliyokaa muda mrefu bila bateri husahau saa yake na kurudi mwaka wake wa kuzaliwa. Picha iliyopigwa mwaka huu itajidai kuwa ya mwaka wa 2005, na mtu atakayeichunguza atamwona mwenye picha kuwa mwongo ingawa nyumba ni yake kweli. Bateri ikiingia, tarehe irekebishwe kwanza, picha baadaye. Tena picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa na maandishi hayo hutoka. Ikitumwa kama dokima, inafika jinsi ilivyo.

Wasio na ordinatere wanaweza kutumia telefone. Waya fupi ya OTG na kifaa cha kusomea karte vinauzwa kwa bei isiyoogopesha, na telefone nyingi za siku hizi husoma SD kwa njia hiyo. Picha za kamera kwa kawaida ziko katika folda iitwayo DCIM. Folda hiyo yote inakiliwe kwenye telefone, kisha nakala nyingine iende kwa ndugu anayekaa mji mwingine, si katika nyumba ileile wala kambi ileile, maana moto au mkimbio haubagui mifuko. Picha tatu au nne za maana zaidi, za wazee na za watoto, zichapwe kwenye karatasi.

Na karte yenyewe, baada ya kunakiliwa, isitiwe pamoja na sarafu wala karibu na jiko. Ikae katika kasha lake la plastiki, au katika karatasi kavu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, mbali na mvua ya hema. Juu yake iandikwe kwa wino usiofutika jina la familia, kijiji na mwaka, na kama nafasi inatosha, aina ya kamera iliyoipiga, ili atakayeipokea ajue ni mlango gani wa kutafuta.